Waifai inapoishia chini ya mwembe

Katika kata ya Magamba, Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, viwanja bado ni vikubwa. Duka liko mbele, linatazama barabara. Nyuma yake kuna uwanja, miembe miwili mitatu, banda la kuku, kisha nyumba ya familia, na mara nyingi kijumba cha kijana aliyeoa karibuni. Ruta inawekwa dukani, kwa sababu ndiko kwenye miamala na ndiko laini ya simu inakoshika vizuri. Ukiwa kaunta mtandao unakimbia. Ukifika mwembe wa kwanza, vistari vya waifai kwenye simu vimebaki viwili. Mlangoni kwa mama hakuna kitu. Mwisho wa siku kila mtu ananunua bando lake la siku, ilhali kifurushi cha mwezi kilicholipiwa dukani hakijatumika hata nusu.

Hali hii inaniuma, kwa sababu fedha inayopotea hapo ni ya familia ambazo hazina fedha ya kupoteza. Inaniuma zaidi ninapoona ushauri wanaopewa. Wanaambiwa wanunue ruta kubwa, yenye antena nne au sita zilizosimama kama pembe. Wanainunua, wanaiweka palepale ilipokuwa ile ya zamani, na waifai inasogea hatua kumi. Kinachokosekana kwenye kiwanja cha namna hii si nguvu. Kinachokosekana ni mwelekeo, na mwelekeo hauuzwi ndani ya boksi. Unatafutwa kwa ngazi, macho na subira.

Antena haizalishi nguvu. Hili ndilo la kushika kabla ya kutoa hata shilingi. Ruta ya kawaida hurusha mawimbi yenye nguvu ya takriban milliwati 100, na antena zake fupi huyasambaza pande zote: barabarani, kwa jirani wa kushoto, kwa jirani wa kulia, na kidogo tu kuelekea nyumbani. Antena ya mwelekeo huchukua milliwati zilezile 100 na kuzikusanya upande mmoja. Chemli huangaza chumba kizima kwa mwanga hafifu, tochi huangaza njia moja mbali. Vipimo vya antena hutajwa kwa desibeli, na hesabu yake ni nyepesi: kila desibeli 3 ni kuongeza nguvu mara mbili kwenye upande uliochaguliwa, na kila desibeli 10 ni mara kumi. Antena bapa ya desibeli 14, ambayo haizidi ukubwa wa sahani kubwa ya wali, huipa nyumba iliyo mbele yake karibu mara kumi ya kile ambacho ingepata kutoka kwa vijiti vya ruta, maana navyo vina desibeli zao chache.

Kuna faida nyingine inayosahaulika. Waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Simu inaisikia ruta, na ruta nayo lazima iisikie simu. Simu ina betri ndogo na antena iliyofichwa ndani ya plastiki, kwa hiyo majibu yake ni dhaifu. Ruta yenye nguvu kubwa inaweza kuonekana kwenye simu kwa vistari vyote, lakini ukurasa haufunguki kwa sababu ombi la simu halifiki. Antena ya mwelekeo husaidia pande zote mbili: upande inaorusha vizuri ndio huohuo inaopokea vizuri. Ukiongeza nguvu ya ruta peke yake, umesaidia nusu ya mazungumzo.

Watu wa umri wangu hawana haja ya kufundishwa kwamba antena ina upande. Kabla Tanzania haijaanza kuhamia televisheni ya dijitali, mwishoni mwa mwaka 2012, kila nyumba yenye televisheni ilikuwa na mti mrefu wenye antena ya vijiti vya alumini juu yake, na mtoto aliyetumwa kuuzungusha huku wakubwa wakipiga kelele kutoka sebuleni. Ile antena ni kazi ya Wajapani wawili wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, miaka ya 1920. Uda ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio, lakini jina la Yagi ndilo lililosafiri, hata leo mafundi wanaiita Yagi tu. Ni haki Uda naye atajwe. Umbo ni lilelile kwa waifai, ila vijiti ni vifupi, kwa sababu mawimbi ya waifai ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 tu na zaidi kidogo. Vijiti vya sentimita sita vinatosha.

Kabla ya kununua antena yoyote, angalia ruta imekaa wapi. Nimeona ruta sakafuni nyuma ya friji ya soda, na nimeona nyingine ndani ya kabati la chuma ili isiibwe. Chuma ndicho adui wa kwanza. Nyavu za chuma za kuzuia mbu, zile za matundu madogo zinazopigiliwa madirishani, huyazuia mawimbi haya karibu kama bati, maana matundu yake ni madogo mno kwa wimbi la sentimita 12. Dirisha ambalo mtu angelitegemea kuwa njia ya kutokea ndilo limefungwa. Tofali la kuchoma hupunguza nguvu, na ukuta wenye plasta pande zote mbili hupunguza zaidi. Kuta mbili tatu mfululizo zinakula kila ulichokilipia kwenye antena. Kwa hiyo, kwa kiwanja cha Magamba, antena ikae nje, juu ya usawa wa bati, na upande wa nyumbani pia pawe na kipokezi cha nje kinachotazamana nayo. Kutoka kwenye kipokezi hicho waya wa mtandao unaingia ndani na kulisha ruta ya pili, hata ile kuukuu. Simu ya mama itazungumza na ruta iliyo mita tano, si ile iliyo mita mia mbili.

Mita mia mbili si mbali kwa mawimbi haya, mradi njia iwe wazi. Mawimbi hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu: kutoka mita 100 kwenda 200, kisha 200 kwenda 400. Hasara hiyo ni ndogo ukilinganisha na ile ya mti mmoja. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, kwa sababu wanaamini kwamba jicho likiona upande wa pili basi na mawimbi yatapita. Mawimbi hayapiti kwenye uzi mwembamba. Yanahitaji nafasi iliyovimba katikati ya njia, inayoitwa eneo la Fresnel kwa heshima ya Mfaransa Augustin-Jean Fresnel, aliyeuchunguza mwanga mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa umbali wa mita 200, katikati ya njia eneo hilo lina nusu kipenyo cha mita 2.5. Kwa kilomita moja ni mita 5.5. Sehemu ya kati, angalau asilimia 60 ya nusu kipenyo hicho, isiwe na kizuizi. Kwa kiwanja chetu cha mita 200 maana yake ni mita moja na nusu ya uwazi juu, chini, kushoto na kulia ya mstari unaounganisha antena mbili. Bati la banda la kuku likichungulia ndani ya nafasi hiyo, mawasiliano yanadhoofika hata kama unaiona antena ya pili waziwazi.

Sasa njoo kwenye miti, maana Katavi ni nchi ya miti. Misitu ya miombo iliyouzunguka mji wa Mpanda hupukutisha majani katika kiangazi. Mwezi Agosti unasimama kwenye ngazi na kuona mbali, matawi matupu. Ndio wakati mafundi wanapopata kazi, kwa kuwa barabara zinapitika na fedha za mavuno zipo mfukoni. Antena inafungwa, inapimwa, inafanya kazi vizuri, fundi analipwa na kuondoka. Lakini miombo ina tabia yake: haisubiri mvua. Septemba na Oktoba, jua likiwa bado kali, inachipua majani mapya mekundu kama shaba, na hadi mvua za Novemba zinapoanza matawi yameshajaa. Jani limejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya waifai. Mtandao unakatika, watu wanasema mvua imeuharibu, wanamlaumu mwenye kampuni ya simu.

Mvua yenyewe haina kosa kubwa. Kwa gigahezi 2.4, matone yanayoanguka katika umbali wa mita mia mbili hayapunguzi kitu cha kuonekana. Kosa ni la jani, na jani lililolowa ni baya kuliko jani kavu. Ndiyo maana nasema, na nasema kwa mkazo, antena ya Katavi ipimwe kwa macho ya mwezi Januari hata kama inafungwa mwezi Agosti. Uliza mwenyeji mti huu ukijaa unafika wapi. Mwenye nyumba anajua, amekaa chini ya kivuli chake miaka yote. Mwembe ni rahisi zaidi kwa sababu haupukutiki wote, unachokiona ndicho utakachokuwa nacho, ila nao unarefuka. Na kabla mtu hajachukua shoka, ajaribu kuhamisha antena mita tatu kando au kuinua mlingoti mita mbili. Mwembe unalisha watoto Desemba. Waifai inaweza kuzunguka.

Wengine hukimbilia gigahezi 5 kwa kuwa ina kasi zaidi na msongamano mdogo. Kwenye njia iliyo wazi kabisa ni chaguo zuri, na eneo lake la Fresnel ni dogo. Lakini mawimbi yake mafupi hunyonywa na majani kwa ukali zaidi. Penye mti katikati, baki na 2.4.

Kazi ya kulenga inahitaji watu wawili. Mmoja yuko juu na spana mkononi, nati zimelegezwa kiasi cha antena kugeuka lakini isianguke. Mwingine yuko chini na simu au kompyuta iliyofungua ukurasa wa kipokezi, anasoma namba. Namba hizo huwa hasi, jambo linalowachanganya wengi: hasi 60 ni nzuri kuliko hasi 80, na tofauti ya 20 ni mara mia moja ya nguvu. Ukishuka chini ya hasi 80, usitegemee video. Ukiwa kati ya hasi 50 na hasi 65, kaza nati ukanywe chai.

Makosa huanzia kwenye haraka. Aliye juu anageuza kwa nguvu, aliye chini anapiga kelele "hapo hapo!", na wanakaza. Namba za kipokezi huchelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo aliyepiga kelele anasoma mahali antena ilipokuwa, si ilipo. Geuza kwa upana wa kidole, subiri, soma kwa sauti, kisha geuza tena. Na usisimame kwenye kilele cha kwanza. Kila antena ya mwelekeo ina mwale mkuu, na pembeni yake ina miale midogo. Ukiangukia mwale wa pembeni utaona namba zinapanda kisha zinashuka, utadhani umefika, kumbe umeshika ukingo. Pitiliza kilele hadi namba zishuke, endelea kidogo uone kama kuna kingine kikubwa zaidi, halafu rudi. Ukimaliza kushoto na kulia, fanya vivyo hivyo kwa juu na chini. Kisha mhamie upande wa pili na kurudia yote.

Jambo moja dogo hula siku nzima za watu: kulala na kusimama kwa antena. Kama vijiti vya antena ya dukani vimesimama wima, vya nyumbani navyo visimame wima. Kimoja kikilala, nguvu inayopotea inaweza kufika desibeli 20 au zaidi, na hakuna kugeuza kushoto wala kulia kutakakoirudisha. Antena bapa zina mshale nyuma unaoonyesha upande wa juu. Mafundi huufunika kwa mkanda wa gundi bila kuutazama.

Ni antena gani basi? Kwa viwanja vya Magamba, napendelea ile bapa, si dishi. Antena bapa ya desibeli 14 ina mwale wa nyuzi 30 hivi, ambao kwa mita 200 unatandaa zaidi ya mita 100. Upepo ukitikisa mlingoti, nyumba inabaki ndani ya mwale. Dishi la nondo la desibeli 24 lina nyuzi kama 8 tu. Kwa umbali huohuo mwale wake ni mita 28 hivi, na mlingoti wa mti uliopinda kidogo kwa jua unatosha kuutoa nje ya nyumba. Dishi ni la kilomita, si la uani.

Wasio na uwezo wa kununua wanaweza kutengeneza. Kopo la bati lenye kipenyo kati ya sentimita 7.5 na 9.4, likiwekewa kijiti cha shaba cha sentimita 3 ndani, ni antena halisi ya gigahezi 2.4, kipenyo kikipungua chini ya hapo mawimbi hayasafiri ndani ya kopo. Na yale madishi makubwa ya futi sita ya setilaiti, ambayo bado yamesimama au yamegeuzwa kuwa matundu ya vifaranga kwenye nyua nyingi, si takataka. Wavu wake unaakisi waifai vizuri. Nchini Venezuela, Ermanno Pietrosemoli wa Chuo Kikuu cha Los Andes na wenzake wa taasisi ya EsLaRed walitumia ruta za kawaida za nyumbani na dishi kuukuu la setilaiti, wakaunganisha waifai kutoka kilele cha mlima Pico del Águila hadi umbali wa kilomita 279 mwaka 2006. Mwaka uliofuata wakafika kilomita 382. Ruta zilikuwa za kununua dukani. Kilichofanya kazi kilikuwa mlima, njia iliyo wazi na kulenga kwa makini.

Kosa la mwisho la ufundi ni waya. Mtu ananunua antena nzuri, anaifunga juu ya mlingoti, kisha anaiunganisha na ruta iliyo chini kwa mita kumi za kebo nyembamba ya koaksi. Kebo hiyo, kwa gigahezi 2.4, hupoteza takriban desibeli moja kila mita. Mita kumi zimeteketeza tisa ya kumi ya nguvu kabla haijafika kwenye antena. Nunua kifaa ambacho redio na antena vimo ndani ya kasha moja, kipandishwe juu, na waya wa mtandao ukipeleka data na umeme pamoja. Waya huo unaruhusiwa kufika mita 100.

Mlingoti ukae mbali na nyaya za TANESCO kwa umbali unaozidi urefu wake wote, ili hata ukianguka usizifikie. Na radi za Katavi si za kuchezea. Mlingoti wa chuma uunganishwe kwa waya mnene na nondo ya shaba iliyozamishwa ardhini, nayo iunganishwe na eathi ya nyumba. Wingu likitanda, chomoa kifaa kwenye umeme na uchomoe na waya unaotoka nje. Eathi inapunguza madhara ya radi, haizuii radi kupiga.

Kwetu Afrika Mashariki ufundi huu umeshafanya mambo makubwa kuliko uani. Mwaka 2007, Jimbo Kuu la Gulu kaskazini mwa Uganda lilianzisha BOSCO, mradi uliofikisha intaneti kwenye kambi za waliokimbia vita kwa waifai ya masafa marefu na kompyuta zinazotumia umeme wa jua. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, wakazi walipata mtandao wao wa jamii, Pamoja Net, mwaka 2016. Hapa nchini, Kondoa ina mtandao wa jamii uliozaliwa kwa mkono wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Hayo yote ni antena zinazotazamana juu ya milingoti, kama ile ya duka na nyumba ya mama, ila zimepangwa na watu wengi kwa ajili ya wengi.

Sheria nayo inataka kuheshimiwa. Masafa nchini yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na vifaa vinavyorusha mawimbi vinapaswa kuwa na idhini yake. Kuiunganisha nyumba yako na duka lako ni jambo moja. Kuwauzia majirani intaneti ni biashara inayohitaji leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Na kumbuka mwale hauishii ukutani kwako. Unaendelea hadi kwa wa nyuma. Nenosiri liwe gumu.

Ningependa kuona vijana wa vyuo vya ufundi wa Mpanda wakifundishwa kazi hii kwa vitendo, kwa ngazi na spana, sambamba na useremala na umeme wa majumbani. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, na shule zake nyingi zimejengwa kwa mabweni, madarasa na nyumba za walimu zilizotawanyika kwenye eneo pana, zenye ruta moja ofisini kwa mkuu wa shule. Umbali kutoka ofisi hiyo hadi maktaba mara nyingi ni mita 150. Vifaa viwili bapa, mabomba mawili ya chuma na asubuhi moja ya Jumamosi, mafundi wawili wanaojua kusoma namba hasi, na mwalimu wa fizikia hatahitaji tena kupakua masomo ya darasa zima kwa bando la mfukoni mwake.